Mtafute Chombo Kabla ya Babu



Tarehe 19 Oktoba 1856, kwenye maji ya karibu na Shelisheli, mzee mmoja wa miaka sitini na mitano hivi alikata roho ndani ya merikebu yake, Victoria, akiwa njiani kurudi Unguja kutoka Maskati. Mzee huyo ni Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja. Msafiri akifia mbali na nchi kavu huoshwa, hukafiniwa, husaliwa, hutiwa uzito na kushushwa majini, na sharia inaruhusu. Lakini mwanawe Barghash, aliyekuwa naye safarini, alimtia baba yake jenezani, akamfikisha Unguja na kumzika usiku. Binti yake Salme, ambaye dunia inamjua zaidi kwa jina la Emily Ruete, ameeleza katika kumbukumbu zake kwamba mzee aliagiza mapema mbao zipakiwe chomboni, kana kwamba alijua.

Basi tarehe tunayo, chombo tunacho, hata habari ya mbao tunayo. Haya, nani alishika usukani siku ile? Nani alipanda mlingotini? Waliosafiri kama wao miaka nenda miaka rudi, wakafia Maskati, Bombay, Adeni au katikati ya maji, wana wajukuu hapa mwambao, na baadhi ya wajukuu hao mnanisikiliza sasa hivi. Mazungumzo ya leo ni yenu.

Swali lenyewe huja kwa sura ileile. "Babu yake babu yetu alikuwa baharia. Aliondoka na kusi, hakurudi. Tunaambiwa alifia ng'ambo. Tutampataje?" Kisha muulizaji huongeza, "Alikuwa nahodha." Hapo huwa natabasamu. Jahazi kubwa lilikuwa na nahodha mmoja na mabaharia ishirini, thelathini, lakini katika masimulizi ya majumbani kwetu sijapata kukutana na babu aliyekuwa akifua maji ngamani. Wote manahodha! Ninalitaja hili mapema kwa sababu linawapoteza watu njia. Anayetafuta nahodha ataishia kwenye karatasi za wakubwa, na babu yake hayumo humo.

Ushauri wangu ni mmoja, na nitaurudia mpaka mchoke: usianze na jina la mtu, anza na chombo. Karne ya kumi na tisa haikuwa na kitambulisho. Serikali, makampuni na mabalozi kwa kawaida hawakuandika watu, waliandika vyombo, na mtu alionekana kwenye karatasi kwa kuwa tu alikuwa ndani ya chombo fulani, siku fulani, bandari fulani. Ukienda kwenye nyaraka ukauliza "Mabruki bin Feruzi" utaambiwa hayupo, nawe utarudi nyumbani ukisema wazungu wamemficha. Uliza chombo, na daftari la chombo litakufungukia na watu wake wote.

Sasa vyombo vyenyewe havilingani. Nianze na manowari, maana huko ndiko kuliko na utajiri.

Kuanzia katikati ya karne ile manowari za Uingereza zilikuwa zikizunguka pwani yetu kusaka majahazi yaliyobeba watumwa. Mwaka 1874 ikaletwa Unguja HMS London, merikebu kuukuu ya vita iliyokuwa imeshushwa majini mwaka 1840, ikatia nanga bandarini kama kambi iliyoelea, na ikakaa hapo takriban miaka tisa ikituma mashua zake mpaka Pemba na kwingineko. Manowari hizi hazikuendeshwa na Waingereza peke yao. Joto, homa na kazi ya makaa viliwachosha, wakawa wanaandika watu wa huku: Waswahili wa Unguja, Wangazija, Wayao, Wamakua, watu waliotoka bara na kufika pwani kwa njia ambazo nitazifikia. Wote hao waliitwa kwa jina moja, Sidi, na mkuu wao chomboni aliitwa tindali. Walivuta makasia, walitia makaa, walipaka rangi, walikalimani. Mambo mengi yaliyoandikwa Uingereza kuwa ushujaa wa maafisa wao, mikono iliyoyafanya ilikuwa ya watu hawa.

Kwa upande wa Afrika Magharibi walikuwa wakichukuliwa Wakru wa pwani ya Liberia na Sierra Leone, na hao waliandikwa kwa majina ya mzaha waliyopewa chomboni, mengine ya kutia aibu: mtu mzima mwenye watoto anaandikwa Chupa ya Bia. Masidi wa huku wengi walibakia na majina yao, ila yameandikwa kama sikio la karani lilivyosikia. Juma amepata herufi ya ziada, Mabruki amekatwa mkia, na "bin" imepotea kabisa, pamoja na baba mtu. Kwa hiyo ukisoma daftari hizo, soma kwa sauti. Jicho litakudanganya, sikio litalitambua jina.

Daftari hizo zipo Kew, kitongoji cha London, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza. Mwenye kalamu aandike. Rekodi za jeshi la majini zinaanza na herufi ADM. ADM 38 ina orodha za watu wa vyombo mpaka mwaka 1878. ADM 117 ina daftari za mishahara za kuanzia 1872 mpaka 1884, yaani hasa miaka ile ya HMS London. ADM 53 ni daftari za safari: leo upepo ulikuwa huu, tumetia nanga pale, fulani amefariki, tumemzika saa ngapi. Daftari hizi za safari ndizo ninazozipenda kuliko zote, kwa sababu afisa wa zamu alikuwa hana haja ya kumpamba mtu wala kumficha. Kuna pia ADM 188, rejista ya mabaharia mmoja mmoja tangu 1873, lakini usiitegemee. Sidi aliyeandikwa kwa muda bandarini huenda hakupewa ukurasa wake.

Kwenye orodha za watu, mwisho wa mstari utakuta alama. Herufi D peke yake maana yake mtu huyo aliondolewa chomboni, labda alihamishwa au muda wake ulikwisha. Herufi R maana yake alitoroka. Na D mbili, DD, maana yake amefutwa kwa kufariki. Wako wanaotafuta kwa miaka wakitarajia DD, wakakuta R. Mimi nawaambia washukuru. Mtu aliyetoroka Bombay huenda alioa Bombay, na mna jamaa huko msiowajua.

Baharia wa manowari akifa, nguo na vitu vyake vilinadiwa chini ya mlingoti, wenzake wakanunua, mara nyingi kwa bei ya juu kuliko thamani yake kwa ajili ya kumsaidia mjane, na fedha zikaingizwa kwenye hesabu ya marehemu pamoja na mshahara uliobaki. Familia ya Portsmouth ilijua pa kwenda kudai. Familia ya Ng'ambo ya Mji Mkongwe, au ya Mkokotoni, ilijuaje? Fedha zilikuwapo kwenye vitabu, wenye haki walikuwa hawana habari. Mtu akiniuliza kwa nini nalishikilia jambo hili la mababu waliokufa zamani, namjibu kwa hilo.

Na walikufa wapi? London ilitia nanga, lakini manowari nyingine za pwani hii hazikukaa Unguja. Zilikwenda Shelisheli kupumzisha watu, zikaenda Morisi, Adeni, Bombay, Trincomalee kule Seiloni, na kusini mpaka Simon's Town karibu na Cape Town, ambako Waingereza walikuwa na kituo chao cha majini tangu 1814 mpaka 1957. Huko Simon's Town, kwenye makaburi ya kale ya Seaforth, wamelala Wakru na Masidi waliofia kazini, na baadhi ya mawe yamewekwa na wenzao wa chombo. Msikilizaji unayesafiri Afrika Kusini kwa biashara, siku moja acha maduka, nenda Simon's Town, ukasome mawe hayo.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawalijui. Usiku wa tarehe 3 Aprili 1881 Uingereza ilihesabu watu wake, na sensa hiyo haikuishia kwenye visiwa vyao. Manowari zote zilihesabiwa popote zilipokuwa, ikiwamo London iliyokuwa imetia nanga hapa Unguja. Kwa hiyo wamo watu wa huku ndani ya sensa ya Uingereza ya 1881, na umri wao na mahali walipozaliwa. Sensa hiyo inasomeka bila malipo kwenye tovuti ya FamilySearch, ukijiandikisha tu. Kijana mwenye simu anaweza kuanza usiku huu, na vifurushi vya intaneti mnavyo, maana nawaona mnavyotazama mpira.

Miezi minane baada ya sensa hiyo, tarehe 3 Desemba, nahodha wa London, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba. Alilisogelea jahazi lililopeperusha bendera ya Ufaransa, akitaka kukagua karatasi tu, na hakuwaweka watu wake tayari kwa vita kwa sababu ya bendera ile. Ndani mlikuwamo watumwa karibu mia moja na nahodha aliyeitwa Hindi bin Khatim. Hindi na watu wake wakawamiminia Waingereza risasi. Brownrigg alipigana mpaka akaanguka, na wenzake kadhaa wakafa naye. Baadaye Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi la Sultani, na askari wake walimfuatia Hindi bin Khatim, wakamkamata, akafa kwa majeraha. Waliokufa kutoka manowari ile wana makaburi kisiwani Chapwani, mbele ya Mji Mkongwe, ambako leo watalii huenda kuoga. Kitukuu wa baharia wa Kiingereza aliyefia Zanzibar anaandika barua moja kutoka Devon, anajibiwa, anapanda ndege, anafika Chapwani na shada la maua. Simwonei kijicho. Nasema karatasi zilizomwezesha yeye ni zilezile, rafu ileile, na mistari michache chini ya jina la babu yake pengine limo jina la babu yako.

Tuziache manowari, twende kwenye meli za moshi.

Mfereji wa Suez ulifunguliwa Novemba 1869, na mwaka 1872 kampuni ya British India ilianza kuleta meli ya barua kutoka Adeni mpaka Unguja. Hapo ndipo watu wetu walipoingia kwenye vyumba vya makaa kwa wingi. Kampuni kubwa kama P&O zilikuwa zikiandika Masidi huko Bombay, na mtu aliyezaliwa Kilwa, akakulia Unguja na kuhamia Bombay, kwenye karatasi alikuwa mtu wa Bombay. Tena waliandikwa kwa mkataba wa pamoja chini ya serahangi, yaani mkuu wao chomboni, jina moja moja bila ukoo. Hii ndiyo sehemu ngumu kupita zote, nami sitawadanganya kwamba ni rahisi. Lakini hata hapa chombo kinasaidia. Orodha za mabaharia wa meli za biashara za Uingereza za kuanzia 1863 mpaka 1938, karibu asilimia 70, haziko Uingereza kabisa. Zilitolewa, zikapelekwa Kanada, Chuo Kikuu cha Memorial huko Newfoundland. Asilimia 10 zilibaki Kew. Na za miaka inayoishia na tano, kama 1875, 1885 na 1895, nyingi ziko kwenye makumbusho ya bahari Greenwich. Usiniulize ni akili gani iliyogawa karatasi namna hiyo. Kazi yako ni kujua mwaka, ili ujue ubishe mlango gani.

Vifo vyenyewe vina daftari lake. Kuanzia miaka ya 1850 sheria ya Uingereza ilimtaka nahodha wa meli ya biashara akabidhi mshahara na vitu vya baharia aliyefia safarini, na rejista zake ziko Kew kwa alama BT 153, zikitaja jina, meli, tarehe, mahali na sababu ya kifo. Humo ndimo mtakapokuta ndui, kipindupindu, kifua, kuanguka kutoka juu, kupotea baharini usiku.

Na waliofika London wakakwama? Mwaka 1857 ilifunguliwa kule Limehouse, karibu na magati, nyumba ya kuwapokea mabaharia wa Asia, Afrika na visiwa vya Pasifiki, kwa sababu wenye meli walikuwa wakiwashusha na kuwaacha barabarani katikati ya baridi. Wagonjwa walipelekwa hospitali ya mabaharia ya Greenwich, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ndani ya merikebu kuukuu iitwayo Dreadnought, ikahamishiwa nchi kavu mwaka 1870. Rejista zake za wagonjwa zipo. Kama babu yenu "alifia Ulaya", kama wazee wasemavyo, basi London ilikuwa na vitanda viwili vikubwa vya mtu wa namna hiyo, na hivyo ndivyo.

Wamarekani nitawagusa kidogo. Wote tunamjua Ahmad bin Na'aman, aliyeongoza safari ya merikebu Sultanah ya Seyyid Said mpaka New York mwaka 1840, na sura yake imehifadhiwa kwenye mchoro wa rangi huko Salem. Magazeti ya New York ya mwaka ule, yanayosomeka bure mtandaoni kupitia Maktaba ya Bunge la Marekani, yaliwashangaa mabaharia wake. Na meli za kuvulia nyangumi za New Bedford zilikuwa zikipita visiwa vyetu zikichukua maji, kuni na watu. Orodha za mabaharia wa New Bedford zimo mtandaoni, zinataja umri, urefu na rangi ya mtu.

Lakini mtaniambia, babu yetu hakupanda manowari wala meli. Alipanda jahazi. Jahazi halikuwa na karani.

Ni kweli, na si kweli. Kumbukeni bendera ile ya Hindi bin Khatim. Wenye majahazi wengi, hasa wa Sur huko Omani, walikuwa wamejipatia karatasi za Ufaransa ili manowari za Uingereza zisiwapekue. Jambo hili lilizua ugomvi mkubwa kati ya Waingereza na Wafaransa mpaka likafikishwa mbele ya mahakama ya usuluhishi ya The Hague, iliyotoa hukumu yake mwaka 1905. Bendera ile haikuja mikono mitupu, ilikuja na karatasi za chombo na za watu wake, na balozi wa Ufaransa alitakiwa kuzitia mhuri. Kwa hiyo mjukuu wa baharia wa jahazi la Sur, au wa Ngazija, huenda akapata zaidi Aix-en-Provence, kwenye nyaraka za Wafaransa za makoloni, kuliko London. Na karatasi nyingi za Waingereza kuhusu Ghuba zimewekwa mtandaoni bure kwenye Maktaba ya Kidijitali ya Qatar. Ndugu zetu mlioko Maskati na Doha mnaweza kuwasaidia wenzenu huku bila kutoka sebuleni.

Njia nyingine iko hapahapa nyumbani, nayo ni ugomvi wa ndugu.

Mtu aliyepotea asijulikane yu hai au amekufa, katika fikihi anaitwa mafkudi. Mali yake hairithiwi ovyo. Mkewe haolewi ovyo. Lazima upatikane ushahidi wa kifo, au kadhi ahukumu. Baharia akaondoka na kusi, akaacha shamba la mikarafuu Pemba na ndugu watatu. Mwaka wa kwanza wanasubiri. Mwaka wa tano wanaulizana. Mwaka wa kumi mmoja anataka kuuza, mwingine anakataa, na hapo wanakwenda kwa kadhi. Kadhi anaita mashahidi: nani alimwona mara ya mwisho? Nani alikuwa naye chomboni? Anakuja baharia mzee kutoka Shihiri, anaapa kwamba alimzika kwa mikono yake. Kadhi anaandika. Ikiwa karatasi hiyo imesalia, ina jina kamili la marehemu, jina la chombo, bandari, na jina la shahidi, yaani kila kitu ambacho Mwingereza hakukiandika. Nyaraka za Taifa za Zanzibar pale Kilimani zina mafaili ya mahakama, ya mirathi na ya ubalozi wa Uingereza. Tume ya Wakfu iliundwa mwaka 1905, na hati za wakfu zinataja watu waliokufa zamani sana kabla yake. Mkitaka kumjua aliyefia ng'ambo, ulizeni kwanza aliacha mnazi gani, na nani aligombea mnazi huo.

Tatizo la masimulizi yetu ni tarehe. Wazee hawakusema 1878. Lakini walikuwa na hesabu yao, tena nzuri. Mabaharia walihesabu siku tangu Nairuzi, mwaka mpya wa jua unaosherehekewa Makunduchi kila Julai, kwa sababu mwezi wa Hijria hausemi chochote kuhusu upepo. Na miaka iliitwa kwa mambo yake. Mwaka wa tufani ni mmoja tu: tarehe 15 Aprili 1872, mwaka 1289 wa Hijria, kimbunga kilipopiga Unguja, kikavunja merikebu za Seyyid Barghash na majahazi bandarini na kung'oa mikarafuu, huku Pemba ikisalimika kwa kiasi kikubwa. Kipindupindu kikubwa kilikuwa mwaka 1869 na 1870. Vita vya Seyyid Khalid na Waingereza ni tarehe 27 Agosti 1896, havikutimiza hata saa moja.

Tufanye mfano, mfano tu. Nyumba moja inasema: mzee wetu Mabruki alichukuliwa na manowari London, mkewe alikuwa na mimba, na binti aliyezaliwa alikuwa mwari vita vya Khalid vilipopigwa. Basi binti huyo alikuwa na umri wa kama miaka kumi na tatu mpaka kumi na sita mwaka 1896. Mimba iliingia kati ya 1879 na 1882 au 1883. London ilikuwapo. Huhitaji kupekua karne nzima, unahitaji daftari za chombo kimoja, miaka minne. Ikiwa wazee wangesema aliondoka kabla ya tufani, basi si London hiyo, maana ilikuja miaka miwili baadaye, na inabidi turudi kuwauliza: je, ni manowari gani nyingine, au London ni mji alikofia? Masimulizi kama hayo mnayaona ni ya kupitisha jioni. Mtafutaji anayaona ni dira.

Nilisema nitafika kwenye njia ambazo watu wengine walifika pwani. Nimefika.

Wengi wa Masidi walikuwa watumwa, au walikuwa wametoka utumwani karibuni. Wenye watumwa wa Unguja waliwakodisha watu wao vyomboni na kuchukua sehemu ya ujira. Wengine walikuwa wametekwa bara, wakapakiwa jahazini, manowari ikalikamata jahazi, wakashushwa Bombay, Adeni au Shelisheli, na walipokuwa watu wazima wakajiandikisha wenyewe kwenye vyombo vilevile. Majina kama Mabruki, Feruzi, Almasi na Baraka mara nyingi yalikuwa majina aliyopewa mtu na bwana wake. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, na utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria mpaka 1897. Kwa hiyo anayetafuta babu baharia wa wakati huo ajiandae kukuta, pembeni ya jina, neno ambalo nyumbani kwao halitamkwi. Nimeona watu wakifunga faili hapohapo na kurudi kwenye hadithi ya nahodha. Nadhani wanakosea, tena wanamkosea marehemu. Nahodha alizaliwa na chombo cha baba yake. Huyu alivuliwa jina, akavuliwa kwao, akapewa kazi ya makaa, naye akajifunza bahari tatu na lugha nne, akatuma ujira wake Unguja. Kati ya wawili hao najua nani ningependa kumsimulia mwanangu.

Muda wetu unakwisha, kwa hiyo niwape kazi. Wiki hii kaeni na mzee mmoja, muulizeni mambo haya tu: chombo kiliitwaje, cha nani, kiliondoka bandari gani, na nyumbani kulitokea nini mwaka ule. Rekodini sauti yake kwenye simu, msimkatize akianza habari nyingine, na msimsahihishe. Majina ya mashahidi na marafiki wa marehemu yaandikeni pia, kwa sababu wao nao walikuwa chomboni. Walioko Uingereza, Kanada, Afrika Kusini na Ufaransa, mko karibu na rafu kuliko sisi, jitoleeni siku moja ya likizo.

Na jambo la mwisho, la haraka. Majumbani mna makasha yenye karatasi kuukuu za herufi za Kiarabu: hati za shamba, hesabu za chombo, barua kutoka Mukalla. Msizichome mkidhani ni hirizi, na tafadhali msizipeleke dukani kupakwa plastiki, plastiki ile inaziua. Zipigeni picha pande zote mbili, zifungeni kwa karatasi safi kavu, kisha ziwahisheni Kilimani zikasomwe, au kwa mwalimu yeyote anayejua hati hizo, kabla ya masika.